Kifungo cha Shati la Daktari

Bwenini, 3 Februari

Dada mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila Hisabati inataka kuniua.

Kila Jumapili jioni tunaruhusiwa kutazama runinga bwaloni kwa saa moja, na saa hiyo yote ni ya tamthilia ya Daktari. Wasichana mia mbili hunyamaza kimya. Akimshika mgonjwa mkono na kumwambia asiogope, kuna wanaolia, na si wadogo tu. Jana nilifanya kosa la kusema kwamba shati alilovaa limeshonwa na dada yangu. Nilisema kwa sauti ndogo kama kawaida yangu, lakini ukimya ulikuwa mkubwa mno, wote wakasikia. Wamenicheka mpaka leo. Kiranja wa bweni ananiita Shemeji wa Daktari. Tafadhali nitumie uthibitisho wowote, hata kifungo cha shati.

Mwalimu wa Kiswahili alitupa insha kuhusu kuomba radhi. Niliandika ile siku nilipokata kitambaa chako cha harusi ya watu ili nifunike vitabu vyangu. Nilikuwa na miaka tisa na hukuniongelesha siku tatu. Nimeikumbuka hata sentensi ya barua niliyokusukumia chini ya mlango: "Mkono wangu ulitangulia, moyo wangu ukachelewa kufika." Mwalimu ameipigia mstari na kuandika pembeni, "Umeitoa wapi?" Insha imebandikwa ubaoni. Sasa napita mbali na ubao ule, naona haya.

Msalimie Mjomba.

Mdogo wako


Nyumbani, 11 Februari

Kitabu wangu,

Marahaba. Kifungo hicho hapo ndani ya karatasi, nimekifunga na uzi kisipotee njiani. Waambie hao wasichana wakipigie saluti.

Kina historia. Jana tulirekodi tukio la mgonjwa anayekata roho huku amemng'ang'ania Daktari kifuani. Mgonjwa akang'ang'ania kweli, kifungo cha pili kikachomoka. Sasa ona kazi yetu ilivyo ya ajabu. Fundi wa kawaida angekimbia kukirudisha. Mimi ni marufuku. Tukio halijakwisha, litamaliziwa siku nyingine, na siku hiyo shati lazima liwe vilevile: jasho palepale, damu palepale, kifungo cha pili hakipo. Kwa hiyo nikampiga Daktari picha alivyo, nikaibandika kwenye daftari langu, nikaandika chini yake "bila kifungo". Kifungo chenyewe kikabaki mkononi mwangu hakina kazi. Ndipo barua yako ikafika.

Uliniuliza zamani ni mtu wa namna gani, nikakwepa. Mtaani watu humsimamisha wakamwonesha vidonda vyao, naye huwapa pole kwa upole kabisa, nimeona kwa macho yangu. Ndani ya jengo ni mwingine. Mwezi uliopita alimrushia fundi wa taa kiatu. Kesho yake ukaitishwa mkutano, tukadhani ni wa kiatu. Kumbe ni wa fundi wa taa, kwa nini alisimama mahali ambapo Daktari angemwona akiwa anajiandaa. Mwongozaji akatuambia wasanii wakubwa wana moto ndani yao, na kazi yetu sisi wengine ni kutosogea karibu. Fundi wa taa akaomba radhi kwa kupigwa kiatu. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano, halafu nikaona hakuna kilichochekesha.

Mjomba naye yumo humohumo. Tangu apate kadi inayosema Afisa Uhusiano, kazi yake ni kufagia nyuma ya Daktari na kutabasamu akiwa ameshika ufagio. Simsemi vibaya. Ametulea tangu Mama alipofariki, na ndiye aliyenitafutia kiti mbele ya mashine ya kushonea.

Barua yako ya chini ya mlango ninayo bado, imo kwenye kopo langu la sindano. Siku ukiwa mtu mkubwa nitakuaibisha nayo.

Dada yako


26 Februari

Kitabu,

Usishangae mwandiko. Naandika kwenye basi, barabara mbovu.

Nimepewa mapumziko ya wiki kadhaa. Usiulize maswali, soma. Na kile kifungo usikioneshe watu tena. Kiweke tu.

Dada


Ofisini, 27 Februari

Bingwa wangu,

Hujambo? Najua simu hamruhusiwi, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu kama mzee wa kanisa.

Jumamosi ile ya wazazi nilisimama mbele ya ubao wenu nikasoma insha yako mara mbili. Mara ya pili nilivua miwani nikasingizia vumbi limeniingia machoni. Sasa Mjomba ana shida na wewe ndiye wa kumtoa.

Daktari amepata ajali ya hasira kazini, mfanyakazi mmoja ameumia. Habari imeanza kuvuja. Wadhamini wanataka asimame mbele ya kamera aombe radhi Jumapili ya tarehe 9, kabla ya tamthilia, vinginevyo kipindi kinafungwa na watu arobaini tunamwaga unga. Nimejaribu kuandika mwenyewe, maneno yangu yote yananuka ofisi. Nahitaji maneno ya mtoto aliyekosa kweli.

Nakupa ukweli wenyewe, maana huwezi kukwepa shimo usilolijua. Haikuwa ajali. Alikamata kifaa cha moto mwenyewe, akamfuata yule mfanyakazi mpaka mezani, akambandika nacho mkononi. Tulioona ni watu watatu. Lolote kati ya hayo lisionekane. Usiseme "alishika", usiseme "alimfuata". Sema mtu "aliumia". Asikiri kitu, ila watu waondoke wakidhani amekiri.

Ukisha kusoma, chana barua hii. Na usimwambie mtu, hata dada yako, asije akapata wasiwasi wa kazi bure.

Mjomba wako


Bwenini, 3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimejaribu. Nimeandika na kufuta mara saba.

"Ndugu zangu, mnaniita Daktari. Leo mgonjwa ni mimi. Kuna mtu aliumia karibu yangu, na siku hiyo sikuwa yule mnayemjua. Mkono wangu ulitangulia, moyo wangu ukachelewa kufika. Siwaombi mlisahau kosa. Nawaomba mnivumilie nipone."

Nilikosa jinsi ya kuandika sehemu ya yule aliyeumia, kwa sababu sikujua lolote kumhusu. Anaendeleaje? Si mtu wa chumba cha mavazi? Nauliza tu, kwa sababu Dada ameniandikia yuko mapumziko na mwandiko wake umekuwa wa ajabu.

Wako mtiifu


Ofisini, 6 Machi

Bingwa,

Umeniua. Mwongozaji ameisoma akaketi chini. Daktari amekwisha kuikariri, na analia mahali panapofaa bila kuambiwa.

Dada yako nimemwona asubuhi hii, amekunywa chai. Soma masomo yako.

Mjomba


Bwenini, 10 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Je, ulimwona Daktari jana? Bwalo zima lililia. Matroni, ambaye hajawahi kulia hata mpishi alipoungua, alitoa leso. Kiranja alisema mtu anayeomba radhi namna ile hawezi kuwa mbaya, na huyo mfanyakazi lazima alimchokoza. Wengine wakaitikia.

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Natamani kukuambia jambo lakini nimekatazwa. Nitakuambia likizo. Utajivunia mimi.

Mbona huandiki? Kama basi linatikisika sana, andika ukishashuka.

Mdogo wako


Ofisini, 12 Machi

Bingwa,

Wadhamini wamerudi wote. Watu wanamwandikia Daktari barua za pole, yeye. Nimepewa ofisi yenye dirisha.

Kimebaki kitu kimoja kidogo. Yule mfanyakazi anatakiwa asaini karatasi ya kusema kifaa kiliteleza kwenye meza na kwamba hana kinyongo. Siku ya mwisho ni tarehe 28. Karatasi ya wanasheria imekaa kama kesi ya mauaji, haisainiki. Mwandikie wewe, nusu ukurasa, kwa sauti ya mtu wa chini, mpole. Mwenyewe hana maneno.

Mjomba


Nyumbani, 14 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii nimeiandika siku mbili. Ni mkono wa kushoto. Hakukuwa na basi.

Jumapili jirani alinisogezea kiti mbele ya runinga yake. Alidhani nitafarijika. Daktari akaanza kusema, nikawa natazama shati lake tu, limepigwa pasi vibaya begani, nikawa najiuliza nani sasa anapiga. Ndipo akasema mkono wake ulitangulia na moyo wake ukachelewa kufika.

Nilirudi chumbani nikalifungua kopo la sindano kwa meno. Karatasi yako imo. Neno kwa neno. Nikafikiri labda ni msemo wa watu, labda wewe nawe uliusikia mahali. Jana barua yako ikafika, unasema kuna jambo umekatazwa kuniambia na kwamba nitajivunia.

Nitakuambia kilichotokea, maana naona wote mnajua kuliko mimi. Tarehe 20 Februari tulikuwa tunamalizia lile tukio la mgonjwa. Nilimletea Daktari shati kama lilivyo kwenye daftari, bila kifungo cha pili. Mbele ya wageni wa wadhamini waliokuja kuona chumba cha mavazi akaniuliza kama namvalisha nguo mbovu kwa makusudi. Nikamwonesha picha. Hakutazama. Akauliza kifungo kiko wapi. Nikasema, "Nimempa mdogo wangu, anakupenda sana." Nilisema hivyo nikidhani kitamfurahisha. Wageni wakatoka, mmoja wao akicheka, na Daktari akadhani nimemfanyia mzaha. Pasi ilikuwa mezani, moto wake mpaka mwisho kwa ajili ya makoti. Nilirudi nyuma hadi nikagusa mashine. Aliubandika mkono wangu wa kulia kwenye meza ya mashine akaiweka pasi juu yake kama mtu anayenyoosha kola.

Vidole viwili havikunji. Daktari wa kweli anasema labda vitakunja, labda visikunje. Nisiposhona mimi ni nani? Sina mbele wala nyuma.

Mjomba ndiye aliyenibeba kunipeleka hospitali. Alikuwa amesimama mlangoni, aliona yote. Sasa kila jioni anaketi ukingoni mwa kitanda na ile karatasi. Hanitishi. Ananibembeleza, na hicho ndicho kinachonimaliza. Anasema nikisaini nitapewa kazi ya kutunza nguo, isiyohitaji vidole. Nisiposaini, mlango umefungwa, na hakuna chumba kingine cha mavazi kitakachonipokea, maana wote wanapigiana simu. Nimechoka. Nadhani nitasaini.

Nijibu kitu kimoja tu. Ulijua?

Dada


Bwenini, 18 Machi

Dada,

Sikujua ni wewe.

Hapo juu ndipo nilipokomea saa mbili zilizopita. Nimekaa maktaba nyuma ya rafu ya kamusi, mahali ambapo hakuna mtu anayekuja, na nimejaribu kuandika sentensi ya pili. Kila ninayoandika naiona nzuri, naikata.

Sikujua ni wewe, lakini nilimwuliza Mjomba kama ni mtu wa chumba cha mavazi. Kwa hiyo kuna sehemu yangu iliyojua. Akanijibu umekunywa chai, nikafurahi kupita kiasi, kama mtu aliyekuwa anatafuta ruhusa ya kutoamini. Mwongozaji aliketi chini aliposoma. Hilo ndilo nililolikumbuka usiku ule, si mwandiko wako. Nilikuwa najisomea mwenyewe ile sentensi kimoyomoyo.

Na kifungo ninacho mimi. Nilikiomba ili wasichana wasinicheke.

Mjomba ananitaka niandike pia ile karatasi ya kusaini. Alisema mfanyakazi hana maneno. Dada, ni wewe anayekusema hivyo.

Nakutumia barua yake ya tarehe 27 Februari. Aliniambia niichane. Sichani karatasi yenye maandishi, unanijua, hata za kufungia sabuni nahifadhi. Soma aya ya nne. Ameandika kila kitu kwa mkono wake: alikamata, akakufuata, akakubandika, watu watatu wakaona. Ameandika ili mimi nikwepe.

Posta ya shule hutoka Jumatatu tu, na ya jana imeshaondoka. Nimehesabu mpaka nimechanganyikiwa, inaweza kukufikia tarehe 25, inaweza kukufikia tarehe 30. Nimemwomba Matroni anipigie simu kwa jirani yako. Akauliza kuna nini, nikashindwa kusema, nikaanza kulia, akadhani nina homa akanilaza. Sijawahi kuuchukia ububu wangu kama leo. Nikiwa na kalamu nasema hata yasiyotakiwa, na nikisimama mbele ya mtu nageuka jiwe.

Usisaini. Nakuomba. Usisaini mpaka ikufikie.

Mdogo wako


Bwenini, 18 Machi

Mjomba,

Sitaandika. Nimejua ni nani. Barua yako ya 27 Februari sikuichana, nimemtumia Dada.

Sijaweka shikamoo kwa sababu sikujua niiweke wapi.

Mimi


Nyumbani, 26 Machi

Mwanangu,

Leo sikuiti bingwa.

Barua yako imenifikia ofisini. Ya dada yako bado, na tangu jana natoka kumlaki mleta barua kabla hajafika mlangoni. Nakuambia ili ujue nimekuwa mtu wa aina gani. Nikiipata sijui nitafanya nini.

Unadhani nilipenda? Nimemwandikia mtu yule samahani kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa ya glasi aliyomvunjia mhudumu usoni, miaka sita iliyopita. Nilijiambia ni ya mwisho. Ya pili ilikuwa ya yule msichana wa rangi za uso. Kila ya mwisho ilinipandisha cheo kidogo. Unajua kwa nini hawamfukuzi? Kila mtu pale ana mtoto shule, na kila ada inapita mikononi mwa mtu mmoja mwenye hasira. Yako pia. Tumejifunza kumwita msanii, maana tukimwita jina lake halisi tutapaswa kuondoka.

Siku ile nilikuwa mlangoni. Hatua nne. Nimezipima baadaye, jengo likiwa tupu. Ningeweza kumshika mkono. Nikamsubiri amalize, kama tunavyosubiri siku zote, halafu nikakimbia na maji.

Naomba umwandikie barua nyingine. Mwambie asiitoe ile karatasi yangu. Akiitoa, watakayemtupa ni mimi, si Daktari. Nawajua, nimewatengeneza.

Mjomba


Nyumbani, 1 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika tarehe 27. Mjomba aliipokea mlangoni. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama juani na bahasha, ameigeuza mbele na nyuma, mbele na nyuma. Nikajua ni yako kwa mwandiko, na sikutoka. Nilitaka kuona. Alikaa hivyo muda wa kuchemsha maji. Kisha akaingia, akaiweka mapajani mwangu bila kuifungua, akaenda kuoga.

Sikusaini. Tarehe 28 nilikwenda mbele ya kamati yao. Watu watano, meza ndefu, chupa za maji. Nilikuwa nimejiandaa kusema, lakini mwenyekiti alianza kunipa pole kwa ufasaha hata nikakosa pa kuingilia. Nikaisukuma barua ya Mjomba mezani. Ikazunguka mkono kwa mkono. Hakuna aliyeshtuka, mdogo wangu. Hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nikisubiri uso mmoja tu ubadilike. Mwongozaji alisema sote tunajua alivyo, na kipaji kama kile hakipatikani kila siku. Mama mmoja wa wadhamini akauliza barua hii iko nakala ngapi.

Mjomba wamemfukuza saa tisa alasiri, kwa kosa la kuandika mambo ya kampuni kwenye barua binafsi. Daktari amepewa wiki mbili za kupumzika, na msimu mpya unaanza Juni. Mimi wamesema watanipigia.

Nikiwa mlangoni natoka, mwongozaji akanifuata. Nilidhani ataniomba radhi. Akaniuliza ile samahani ya Jumapili iliandikwa na nani, maana Mjomba hakuwa na kipaji kile. Wanatafuta mtu. Nikashuka ngazi.

Mjomba amekaa sebuleni tangu Ijumaa. Amevaa viatu, lakini haendi popote.

Uliniuliza kama nimekusamehe. Hapana, hukuuliza, ila najua umeuliza. Bado. Siku ya kitambaa nilihitaji siku tatu, na kitambaa kilikuwa kitambaa. Nipe muda. Lakini likizo njoo, usiende kwa rafiki. Kuna Afisa wa Kazi wa serikali, jirani ameniambia, anapokea malalamiko yaliyoandikwa, na mkono wangu huu wa kushoto hauandiki ukurasa bila kulia.

Dada yako


Bwenini, 7 Aprili

Dada,

Nitafika Jumamosi tarehe 12 kwa basi la asubuhi.

Utasema, mimi nitaandika. Neno lako kama lilivyo. Ukikosea nitaandika ulivyokosea. Ukinyamaza nitasubiri. Sitapamba.

Jana wametuonesha Daktari tena, marudio. Nilisimama katikati ya tukio, mbele ya watu wote, nikatoka nje. Kiranja akauliza Shemeji anakwenda wapi. Nilitaka kujibu, sauti haikutoka. Ila nilitoka.

Kifungo nimekifunga kwenye leso, nakuja nacho.

Mdogo wako


14 Aprili

Kwa Afisa wa Kazi,

Mimi ni mshonaji. Nimeshona mavazi ya tamthilia ya Daktari miaka minne. Nasema mwenyewe, anaandika mdogo wangu, kwa kuwa mkono wangu wa kulia hauandiki.

Tarehe 20 Februari, saa nne asubuhi, Daktari aliniuliza kwa nini shati lake halina kifungo cha pili. Lilitakiwa lisiwe nacho. Picha iko kwenye daftari langu, na daftari limebaki kwao. Aliniuliza kifungo kiko wapi. Nikamwambia nimempa mdogo wangu.

Hapa nimenyamaza. Mdogo wangu ameuliza kama aandike kwamba nimenyamaza. Nimemwambia aandike.

Alishika pasi. Alinifuata. Nilirudi nyuma hatua tatu au nne. Aliushika mkono wangu, akaulaza juu ya meza ya mashine, akaiweka pasi juu yake. Hakuwa na haraka. Wametangaza kwenye runinga kwamba mkono wake ulitangulia. Haukutangulia. Alikuwa ananitazama.

Sijui neno zuri la maumivu yale. Mdogo wangu analo, ila nimemkataza.

Waliona watu watatu. Wawili bado wana kazi pale na siwataji. Wa tatu ni mjomba wetu. Yuko hapa sebuleni, ameisoma karatasi hii, akasema hatua zilikuwa nne, akatuomba turekebishe. Nimeacha zote mbili. Kama shahidi bado hajasaini. Kalamu ameishika.

Sitaki aombe radhi tena. Tayari ameomba, na aliomba vizuri. Nataka iandikwe alichofanya, mahali ambapo haitafutwa.

Aliniuliza kifungo kiko wapi. Kiko hapa chini. Nimekishonea kwenye karatasi hii mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Imenichukua asubuhi nzima, na hakichomoki.